Chemshabongo ya Mjomba

Wiki iliyopita niliingia kwenye duka la vitu vilivyotumika pale Biharamulo mjini kutafuta pasi. Mwenye duka alikuwa amewasha kompyuta ya zamani, ile ya kioo cha chogo, kumwonyesha mteja mmoja kwamba bado nzima. Ilipopata moto ikaanza kutoa ile harufu. Wenzangu wa rika langu mnaijua: vumbi linaloungua polepole ndani ya plastiki, pamoja na harufu ya waya. Nikasimama na pasi mkononi. Mwenye duka akaniuliza, "Dada, vipi, unaumwa?" Nikamwambia siumwi. Na kweli sikuwa naumwa. Sikuhisi kitu chochote, na hilo ndilo lililonishangaza, maana harufu ile kwangu ni harufu ya mwaka mzima niliomtafuta mama.

Nilikuwa ndiyo naanza darasa la tatu. Mama alianza kuumwa tukiwa Nemba, nyumbani kwa bibi mzaa mama. Akapelekwa hospitali, na siku ya pili yake asubuhi mjomba akaja na pikipiki kunichukua. Mjomba alikuwa mdogo wake mama, wamefuatana. Alinipakia mbele yake juu ya tangi, akanishusha Lusahunga, akanionyesha kitanda, akaniandikisha shule. Nikamwuliza mama atakuja lini. Akasema, "Atakuja." Basi. Hakuwa mtu wa maneno mengi hata kabla ya hapo, lakini mwaka ule aliishiwa kabisa. Ungemwuliza kama anataka chai, angekutazama kwanza kama umemwuliza jambo la mahakamani.

Alikuwa na steshenari, chumba kimoja kando ya barabara ya Rusumo, mkabala na pale malori yanapoegesha. Alichapa mitihani ya shule za msingi, barua za kuomba kazi na kadi za michango ya harusi. Nyuma jenereta likinguruma, ndani kompyuta ikinuka. Na ndani ya kompyuta ile kulikuwa na programu moja ya kutunga na kufumbua chemshabongo, ambayo fundi fulani alimwachia kwenye flashi. Ilikuja na maneno ya Kiingereza. Mjomba akayafuta yote, akaanza kuingiza ya Kiswahili moja moja kutoka kwenye kamusi iliyong'oka jalada. Akaongeza majina ya miji na mito na wanyama, maana watu, alisema, wanapenda kukuta kwao kwenye chemshabongo. Ile ndiyo sentensi ndefu kuliko zote ninayokumbuka aliniambia miezi ile ya kwanza.

Programu ilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza kutunga: unaipa maneno, yenyewe inayapanga yakatane, hili limelala, lile limesimama, yanagawana herufi pale yanapokutana. Ya pili kufumbua: unachora visanduku vitupu, unaandika maswali pembeni, unabonyeza, inajaza. Ikikosa neno, visanduku vinageuka vyekundu. Mjomba alichukia wekundu ule jamani, sijui niseme nini. Kukibaki kona moja nyekundu hali, hanywi maji, mpaka apate neno. Wakati mwingine aliisaidia mashine, anaweka yeye herufi moja au mbili anazozijua, kisha anaiachia imalizie. "Lazima uishike mkono," alisema. Mimi nilikuwa nakaa kwenye kreti la soda pembeni yake baada ya shule, na kazi yangu ilikuwa kubonyeza.

Chemshabongo zake alizichapa nyuma ya karatasi za marudio ya wanafunzi, na kila wiki akabandika moja mlangoni. Waliozipenda zaidi hawakuwa wanafunzi bali madereva. Lori likikatika springi pale Lusahunga unakaa, na mtu aliyekaa anatafuta la kufanya. Wangekuja na chai zao kwenye vikombe vya plastiki wasimame mlangoni wabishane. Nakumbuka siku moja swali lilikuwa chombo cha kutwangia. Dereva mmoja wa Burundi akasema isekuru, akaanza kuandika.

"Isekuru haiingii, mzee," wenzake wakamwambia. "Visanduku vinne tu."

"Mwongeze visanduku basi! Kwetu ni isekuru. Mama yangu alitwangia isekuru mpaka akazeeka."

"Ni kinu."

"Kinu ndiyo nini?"

Walicheka mpaka chai zikamwagika. Mjomba hakucheka. Aligeuka tu kwenye kioo akaendelea kutunga nyingine. Sasa hivi nikifikiri najua alikuwa ananikimbia. Mtu mwingine angekimbilia pombe. Yeye alikimbilia visanduku, na mimi niko palepale ubavuni kwake, juu ya kreti.

Kuhusu mama, nilikuwa nauliza. Msifikiri nilikaa kimya. Baba alikuwa dereva wa masafa marefu, hatukuishi naye, lakini alikuwa anapiga simu kwa mjomba mara mojamoja. Nikamwuliza kwenye simu, mama yuko wapi? Akasema, "Yuko Kahama, anajiuguza kwa ndugu." Bibi alipokuja mnadani nikamwuliza, akasema mama amepata kazi Mwanza. Mama wa nyumba ya jirani, aliyekuwa ananisuka nywele, akasema bila hata kufikiri, "Si yuko Bukoba?" Wote walisema kwa sauti nzuri kabisa. Mimi sikuona kwamba wanasema uongo. Niliona kwamba mama anasafiri sana, na kwamba watu wazima hawawasiliani vizuri. Kilichonikera ni kwamba kila nikimaliza kuuliza nabaki na mji, mama sina.

Mjomba peke yake hakuwahi kunitajia mji. Alisema tu atakuja.

Basi nikabaki na kompyuta. Mnaona ilivyokuwa. Kila siku mbele ya macho yangu mashine ile ilijibu maswali. Mjomba anaandika "Mnyama mwenye shingo ndefu", anaweka herufi zake mbili, nabonyeza, twiga. "Ziwa kubwa kuliko yote Afrika", Viktoria. Haikukosea, haikuuliza kwa nini unataka kujua, na haikusema subiri ukue. Nilikuwa na hakika inasoma maswali. Kwa nini nisiwe na hakika? Hata mwalimu wetu alitufundisha kwamba kompyuta haisemi uongo, ila mtu.

Siku moja mjomba alipokwenda kumpelekea mwalimu mkuu mitihani yake, akaniacha niangalie duka. Nikaandika: Mama yuko wapi? Hapo nikakutana na tatizo ambalo sikulitegemea. Lazima uchore visanduku vya jibu kwanza, na mimi nitajuaje jibu lina visanduku vingapi? Nikachora vichache, nikabonyeza. Ikaniambia: kabati. Nikachora zaidi. Sindano. Nikachora zaidi. Pilipili. Nikakasirika mpaka machozi yakanikaribia, nikadhani inanichezea kama watoto wa shule walivyokuwa wananichezea kwa Kiswahili changu cha Nemba.

Ndipo nikakumbuka kuishika mkono. Katika chemshabongo maneno yanayokatana yanasaidiana, kila moja linampa mwenzake herufi. Nikawaza, basi jibu lazima likutane na mama na likutane na mimi. Nikachora mstari wa jibu juu, mpaka mwisho wa jedwali. Chini yake nikaning'iniza jina la mama, KABULA, na mbele kidogo nikaning'iniza langu, ZAWADI, vichwa vya majina yote mawili vikiwa ndani ya mstari wa jibu. Nikabonyeza. Haikuchukua muda. NYAKANAZI.

Naweza kuwaambia nilivyohisi kwa sababu ndiyo mara ya mwisho nakumbuka nimehisi kitu kikubwa namna ile. Mwili ulipata joto kuanzia miguuni. Nyakanazi! Hapo tu mbele! Siyo Mwanza, siyo Bukoba. Na lilivyokaa vizuri, mama amening'inia upande huu, mimi upande huu, hakuna hata kisanduku chekundu.

Kesho yake sikwenda shule. Nilikwenda pale zinapopakia zile gari ndogo za Probox tunazoziita mchomoko, nikamwambia dereva mmoja aliyezoea kuja kutoa kopi kwetu kwamba mjomba amenituma Nyakanazi kufuata karatasi. Akanikalisha katikati ya mama mmoja na ndoo yake ya dagaa. Njia nzima nilikuwa nafikiria nitamwambia mama nini kwanza. Niliamua nitamwamkia tu, shikamoo, kisha nikae kimya, aone mwenyewe nilivyorefuka.

Nyakanazi ni njia panda, na wakati ule niliona kama dunia nzima imeegesha pale. Malori yamepangana hadi usione mwisho, nyumba za wageni zimepakwa rangi za kila aina, moshi wa mishikaki, makonda wanaita Kibondo, wanaita Kahama. Nilianza na vibanda vya chakula, kwa sababu mama alikuwa anapika vizuri, na mtu anayepika vizuri Nyakanazi atafanya kazi gani nyingine? Kwenye kibanda cha tatu au cha nne nikamwamkia binti aliyekuwa anaosha sahani, nikamwambia namtafuta Kabula.

Akaita kuelekea jikoni. "Kabula! Una mgeni!"

Sauti ikajibu, "Nakuja!" na mimi nikasimama wima, nikaweka mikono nyuma.

Akatoka mama mmoja mnene, ana pengo, anajifuta mikono kwa kanga. Kabula ni jina la Wasukuma wengi, na Wasukuma wamejaa kule kote. Sikuwa nimefikiria hilo. Mtoto anajua Kabula mmoja.

"Marahaba," alisema kabla hata sijamwamkia. "Nani kakutuma?"

"Siyo wewe," nikamwambia.

"Ala! Mimi siyo mimi?" Madereva waliokuwa wanakula wakaangua kicheko, na yeye akacheka nao, mikono kiunoni. "Haya nambie basi mimi ni nani."

"Namtafuta mama," nikasema. "Anaitwa Kabula."

Kicheko kikaisha. Akanitazama kuanzia sare ya shule mpaka ndala. Hakuniuliza tena chochote, alinivuta akaniketisha kwenye benchi, akapakua wali na maharage, akaweka mbele yangu. "Umekura?" Alikuwa anachanganya l na r kama bibi yangu, na kwa hilo tu nikamwamini. Nikala. Ndipo akaanza kuuliza, taratibu, huku anachochea sufuria. Nani alikwambia yuko hapa? Nikamweleza habari ya kompyuta. Akasema mh. Na watu wa nyumbani wanasemaje? Nikamweleza: Baba alisema Kahama, bibi alisema Mwanza, mama wa jirani alisema Bukoba. Na hospitali alikwenda lini? Mvua zilizopita, nikasema, siyo hizi, zile nyingine. Akaacha kuchochea. Akaniuliza namba ya mjomba, nikaitaja kwa kichwa kwa sababu ilikuwa imeandikwa kwa rangi kwenye mlango wa duka.

Akampigia, akaniongeza wali, na mjomba alifika kabla sijaumaliza. Aliacha pikipiki imelala barabarani, haikusimamishwa vizuri, akaja na helmeti kichwani. Nilidhani atanichapa. Akachuchumaa mbele yangu.

"Nani alikwambia Nyakanazi?"

"Kompyuta. Niliiuliza mama yuko wapi."

Akasema, na hili nalikumbuka neno kwa neno, maana hajawahi kunieleza kitu kwa uangalifu hivyo, "Zawadi, ile haisomi maswali. Ukiandika swali, ukiandika matusi, kwake sawasawa. Inaangalia visanduku vipo vingapi na herufi gani zimeshakaa, inatafuta neno linaloenea. Linaloenea tu. Haimjui mtu yeyote."

"Sasa nani anajua?"

Akashika kamba ya helmeti akaanza kuifungua, ikamshinda.

Yule mama Kabula ndiye aliyesema. Alikuwa amesimama na mwiko. "Baba, samahani, mimi si ndugu yenu. Lakini huyu mtoto mmempa miji mingi. Mwanza mmempa. Kahama mmempa. Bukoba mmempa." Akanigeukia. "Kwenu mnategeana vitendawili?"

Nikasema ndiyo. Tulikuwa tunategeana na bibi na mama tukipukuchua mahindi. Bibi alikuwa mchoyo wa majibu, hakukubali mji mdogo, ukimpa Lusahunga anasema Lusahunga nitakula nini, lete Mwanza.

"Mtu akishindwa jibu anatoa nini?"

"Mji."

"Na akishatoa mji, jibu anasema nani?"

"Aliyetega."

"Haya mwanangu. Wameshindwa hawa. Miji yote umekula. Sema wewe."

Nikasema, "Amekufa."

Nililisema na wali mdomoni. Sikujua kwamba nalijua. Hakuna aliyewahi kulitamka mbele yangu, na mimi sikuwa nimewahi kuliwaza, naapa, lakini lilitoka lenyewe kama jina langu. Madereva wakaacha kula. Mjomba akasema, "Ndiyo." Akasema, "Alikufa usiku wa kuamkia siku niliyokuchukua." Kisha mtu mzima yule akakaa chini kwenye vumbi, na helmeti yake kichwani, akalia kwa sauti mbele ya watu wote wale. Nikamtazama. Nilimwonea huruma, kama unavyomwonea mtu wa jirani. Kisha nikamalizia wali, kwa sababu ulikuwa mtamu na kwa sababu tumefundishwa chakula hakitupwi.

Hatukurudi Lusahunga. Aliponyanyuka alinipakia akageuza pikipiki kuelekea Nemba, ambako mwaka mzima nilikuwa nakatazwa kwenda hata likizo. Eti barabara mbaya. Jua lilikuwa bado juu. Bibi alikuwa uani anapepeta mtama. Aliponiona akaacha ungo, akaja na mikono imefunguliwa na midomo imeshaanza: "Zawadi wangu! Umekuja! Mama yako bado yuko kulekule Mwanza, ile kazi yake, unajua matajiri wa..."

"Mayu," mjomba akamwambia. Ndivyo alivyomwita, mama, kwa Kisukuma. "Basi. Anajua."

Bibi alinitazama mimi, siyo yeye. Sikujua nifanye uso gani. Akanishika mkono, tukazunguka nyuma ya nyumba, kwenye mihogo, na pale kulikuwa na mawe yamepangwa na msalaba wa mbao umeandikwa kwa rangi nyeupe jina nililolizoea. Nikalisoma. Nilitegemea kitu kitokee. Nikalisoma tena. Kuku walikuwa wanachakura pembeni. Mjomba akasema waliamua wasiniambie kwa sababu nilikuwa mdogo, wakaogopa msiba utaniingia mwilini, wakasema akikua kidogo, kisha kila mwezi ukawa mgumu kuliko uliopita. Nilimwelewa. Sina ugomvi naye, wala na bibi, na wote wawili nimewazika kwa heshima zao. Lakini nilikuwa nataka mtu anionyeshe mahali pa kuweka mikono yangu, na hakuna aliyenionyesha.

Ndipo bibi akapiga yowe. Lile yowe, lenyewe, la msiba, mikono kichwani. "Kabula wee! Mayu wane, mama yangu!" Na kule kwetu yowe lile likisikika hakuna anayemalizia alichokuwa anafanya. Wakaja mbio kutoka kila upande, wanawake wamefunga kanga viunoni, wanaume na majembe mabegani, wengine na udongo miguuni.

"Kafa nani?" mzee mmoja akauliza, anahema.

"Kabula," bibi akasema.

"Kabula? Kabula si tulimzika?"

"Mtoto alikuwa hajaambiwa."

Wakanigeukia. Hakuna aliyecheka wala kusema wamepotezewa muda. Yule mzee akalaza jembe lake chini, akavua kofia. Wanawake wakaingia ndani wakatoa mikeka, mmoja akaenda kuleta kuni, mwingine maji, bila kuambiana, wakatandika palepale uani, wakakaa. Msiba mzima, wa mtu aliyezikwa mvua zilizopita, kwa ajili ya mtu mmoja wa darasa la tatu. Bibi akanikalisha katikati na kunifunika kanga mabegani. Na watu wakaanza kuja mmojammoja, wakubwa kwa wadogo, wanainama mpaka usawa wangu, wananipa mkono.

"Pole, mwanangu."

Mama alinifundisha kwamba ukipewa pole unajibu, usikae kimya kama jiwe. Nikajibu, "Nishapoa." Akaja mwingine, pole sana Zawadi, nishapoa. Akaja mwingine. Wanawake walikuwa wanalia huku wananishika, mashavu yao yamelowa yananigusa, na mimi nasema nishapoa, shikamoo, nishapoa. Nikasikia mmoja anamwambia mwenzake, mtoto huyu ana moyo mgumu, Mungu amemsaidia. Mpaka watu walipoisha nilikuwa nimeshawaambia Nemba nzima kwamba nimeshapoa, na tangu jioni ile hakuna mtu aliyenipa pole ya mama yangu tena.